"Iongeze"

Juu ya meza yangu ya kusomea, karibu na kamusi, kuna pistoni ya alumini yenye tundu. Tundu hilo linapitisha kidole cha mwisho. Wageni wakiuliza, huwa ninajibu kwamba ni kumbukumbu ya kazi ya somo. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu. Nusu iliyobaki nimeiweka kwa muda mrefu, na sasa naiandika hapa kwa sababu naona inawahusu watu wa kitivo chetu kuliko mafundi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya somo la istilahi. Kila mmoja wetu alitakiwa achague mahali pa kazi hapa Lubumbashi, akusanye maneno 60 yanayotumika pale, kisha kwa kila neno lililotoka Kifaransa apendekeze neno la Kiswahili bora. Wenzangu walikwenda kwa washonaji, kwa wauza dawa, na kwenye soko la Kenya. Mimi sikuhangaika. Mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya tu, ana garaje kule Katuba, na wakati ule alikuwa na kazi isiyo ya kawaida: alikuwa anatengeneza gari la mashindano lenye injini ya pikipiki.

Mtu akisikia "injini ya pikipiki" anafikiria zile taksi-moto zinazotupeleka Kasapa asubuhi. Hii ilikuwa nyingine. Ilitoka kwenye Suzuki GSX-R600: silinda 4, sentimita za ujazo 599, na uwezo wa kuzunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Iliingia nchini kupitia Kasumbalesa ndani ya pikipiki iliyogongwa, fremu imepinda, injini nzima. Yaya aliinunua kwa akiba ya miaka 2, na akiba ilipopungua aliuza taksi-moto yake mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa anakwenda garaje kwa miguu.

Wazo la kuweka injini ya pikipiki ndani ya gari si geni. Mwaka 1946, huko Surbiton nchini Uingereza, Charles Cooper na mwanawe John walichukua vipande vya magari madogo 2 ya Fiat Topolino, wakaviunganisha, na nyuma ya kiti cha dereva wakaweka injini ya pikipiki ya JAP ya sentimita za ujazo 500. Vita vilikuwa vimekwisha, pesa haikuwepo, na injini ya namna hiyo ndiyo iliyopatikana. Stirling Moss alianza mashindano ya magari kwa Cooper ya aina hiyo mwaka 1948. Hata leo, katika mashindano ya wanafunzi wa uhandisi yanayoitwa Formula Student, timu nyingi zinatumia injini za pikipiki. Sheria inaweka mpaka wa sentimita za ujazo 710, na kwa injini ya petroli hewa yote ya kuingia lazima ipite kwenye tundu la milimita 20. Sababu haijabadilika tangu Surbiton: injini hiyo ni nyepesi, ina nguvu nyingi kwa ukubwa wake, na giaboksi imo ndani yake.

Lakini pikipiki na gari havifanani tabia. Pikipiki inalala kwenye kona, na mafuta ya injini yanalala pamoja nayo, kwa hiyo yanabaki pale pampu inapoyahitaji. Gari halilali. Kwenye kona mafuta yanakimbilia ubavuni, pampu inavuta hewa, na vyuma vinaanza kusagana. Yaya alifungua bakuli la chini la injini na kuchomea vibati vya kuyazuia mafuta yasikimbie. Nguvu aliipeleka nyuma kwa mnyororo, kwenye ekseli moja isiyo na difrensha. Gia ya kurudi nyuma haikuwepo, na ilipotakiwa, vijana 2 wa garaje walisukuma.

Shida kubwa ilikuwa kompyuta. Injini hiyo haina kabureta. Inapigiwa petroli na injekta, na lazima pawe na kisanduku kinachoamua kila injekta ifunguke lini na kwa muda gani, na cheche iruke lini. Kisanduku cha kiwandani hakikuja na ile pikipiki, na hata kingekuja, kingekuwa kimepangwa kwa bomba na njia ya hewa ambazo hatukuwa nazo tena. Yaya akaamua kuweka MegaSquirt, kisanduku kilichobuniwa Marekani na Bruce Bowling na Al Grippo kwa ajili ya watu wanaotaka kujipangia injini wenyewe. Chetu kilikuwa kimeshatumika, na kilifika ndani ya mzigo wa jirani aliyetoka Johannesburg.

Kisanduku cha namna hiyo kinahitaji kujua mambo machache: injini iko wapi katika mzunguko wake, mlango wa hewa umefunguliwa kiasi gani, hewa na maji vina joto gani. Jambo la kwanza linajulikana kwa gurudumu la meno. Papa mmoja wa Kamalondo mwenye mashine ya kuchonga vyuma alitukatia gurudumu la meno 36, kisha akaling'oa jino 1. Kila jino ni nyuzi 10 za mzunguko. Kapteri inahesabu meno yakipita, na ikifika kwenye pengo inajua kwamba mzunguko umeanza upya. Injini ikifika mizunguko 12,000 kwa dakika, kila silinda inataka petroli na cheche mara 100 kwa sekunde, na hesabu yote inategemea lile jino lisilokuwepo.

Mipango inaandikwa kwenye laptopu, kwa programu inayoitwa TunerStudio, na laptopu yetu ilikuwa inasema Kiingereza. Hapo ndipo yaya aliponiita.

"Weye unasomaka Kingereza," aliniambia. "Kuya huku, utuambie ile mashini inasema nini."

Nikaenda na daftari langu. Mchana nilikuwa msomaji wa laptopu, na usiku nilikuwa mkusanyaji wa istilahi. Maneno yalijaa haraka: motere, buji, bobini, kapteri, injekteri, supapu, ralanti. Mbele ya kila neno nilichora mshale na kuandika neno bora. Mbele ya "buji" niliandika "plagi", kana kwamba neno likitoka Uingereza badala ya Ufaransa linakuwa limezaliwa pwani. Sikuliona hilo wakati ule.

Kulikuwa na maneno mengine ambayo hayakutoka Kifaransa kabisa, na hayo ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Injini inayokosa petroli, katika garaje ile, "iko na njaa". Inayopata kupita kiasi "imeshiba mubaya". Na amri ya kusahihisha ilikuwa moja kati ya mbili: "mupe" au "munyime". Yaya angeinamia injini, angesikiliza, angesema, "Mupe kidogo," na kijana mwenye bisibisi angejua la kufanya. Niliandika pembeni mwa daftari: *lugha ya picha, haifai kwa istilahi*. Mbele ya "mupe" niliweka "ongeza", na mbele ya "munyime" niliweka "punguza". Nilifurahi, kwa sababu hayo ni maneno safi, yanayofanana na ya vitabuni.

Sikuishia kwenye daftari. Nilianza kuwasahihisha. Yaya akisema "munyime", mimi nilijibu, "Tunapunguza." Baada ya wiki 2 vijana walikuwa wanasema kama mimi, wengine kwa kunitania. Yaya alifanya hivyo bila utani, kwa kuheshimu shule. Yeye aliacha masomo ili wadogo zake wasome, na mtu wa namna hiyo akiona mdogo wake ameleta neno kutoka chuoni, analipokea kwa mikono miwili.

Katika utangulizi wa kazi yangu nilitaja kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1986, kinachoeleza jinsi watawala, wamisioni na waajiri walivyokishika Kiswahili cha huku kwetu kati ya mwaka 1880 na 1938. Niliandika kwa ukali juu ya wale waliotaka kuwapangia wafanyakazi wa Katanga namna ya kusema. Kisha nilifunga laptopu na kwenda garaje kuwapangia wafanyakazi wa Katuba namna ya kusema.

Sasa lazima nieleze jedwali 2 za kwenye ile programu, kwa sababu bila hizo msomaji hataelewa kosa.

Jedwali la kwanza linaeleza silinda inajaa hewa kiasi gani katika kila hali ya mwendo. Namba ikipanda, kompyuta inaamini kuna hewa zaidi, na inatoa petroli zaidi. Jedwali la pili linaeleza uwiano tunaoutaka: sehemu ngapi za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Uwiano wa 14.7 kwa 1 ndio unaotosha petroli yote kuungua. Injini inapovuta kwa nguvu zote, inatakiwa ipate petroli zaidi kuliko hapo, kama 12.5 au 13 kwa 1, kwa nguvu na pia kwa kupoza. Katika jedwali hilo namba inahesabu hewa. Namba ikipanda, petroli inapungua. Jedwali zote 2 zina miraba ileile na rangi zilezile, na unahama kutoka moja kwenda nyingine kwa kubonyeza mara moja.

Tulianza na mpango tulioupata kwa mtu aliyeufanya kwenye mji wa pwani. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200. Msukumo wa hewa ufukweni ni kama kilopaskali 101. Hapa kwetu ni karibu 87. Kila silinda inavuta hewa pungufu kwa zaidi ya moja ya kumi, lakini mpango wa pwani ulikuwa bado unagawa petroli ya pwani. Siku ya kwanza kuwaka, garaje nzima ilijaa moshi mweusi, na yaya alipofungua buji zilikuwa nyeusi kama makaa.

"Imeshiba mubaya," alisema kijana mmoja.

"Punguza," alisema yaya, huku akiniangalia mimi.

Nikapunguza. Kwa jioni 3 tulifanya hivyo, punguza hapa, ongeza kidogo pale, mpaka buji zikawa na rangi ya udongo wa matofali mabichi, na sauti ikawa kama kitambaa kinachochanwa kwa mkono mmoja. Maneno yangu yalifanya kazi vizuri, kwa sababu jioni zote 3 tulikuwa kwenye jedwali la kwanza tu. Hakuna aliyejua kwamba hatukuwa tumeyajaribu.

Siku ya kulikimbiza gari ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Oktoba, wakati joto liko juu kabisa na mvua bado hazijaanza. Garaje chache zilikubaliana kukutana kwenye uwanja wa udongo, njia ya kwenda Likasi. Hapakuwa na kombe. Mshindi angepewa kreti ya Simba, na jina. Njiani petroli ilionekana haitatosha, na yaya akanunua lita 20 kwa kadhafi wa kando ya barabara, baba kijana tuliyemfahamu, aliyekuwa akituuzia siku zote.

Asubuhi ile, tukisubiri zamu, kijana mmoja aliniuliza namba za kwenye kioo zina maana gani. Nilimfungulia jedwali la pili, nikamweleza habari ya hewa na petroli vizuri kabisa. Kisha tuliitwa, na nikaiacha laptopu ikiwa wazi palepale.

Baada ya mizunguko ya kwanza yaya alifungua buji. Zilikuwa nyeupe. Buji nyeupe ni dalili ya njaa: petroli haitoshi, na joto linazidi. Alizirudisha, akawasha, akapandisha mwendo huku sikio likiwa karibu na bomba. Kelele ilikuwa kubwa mno. Akageuka na kunipigia ukelele, kwa Kiswahili nilichomfundisha:

"Iongeze! Iongeze kule juu!"

Nikaangalia kioo. Miraba ya juu, ile ya mwendo mkubwa, ilisoma 13.0. Nikaishika yote, nikaipandisha mpaka 14.5. Kipimo cha moshi kilichofungwa kwenye bomba kilikuwa kinasoma 13.8; kikapanda mpaka 14.6. Niliona namba inapanda, na nilifurahi kwamba kisanduku kinanitii. Nikanyoosha dole gumba.

Yaya akaenda mzunguko 1, kisha wa pili. Kwenye sehemu ndefu tulisikia sauti kama changarawe ndani ya kopo. Kisha moshi wa buluu, kisha kimya.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Injini inayovuta kwa nguvu zote bila petroli ya kutosha inapita mahali pabaya: mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake badala ya kuungua kwa utaratibu, joto linaishambulia kofia ya pistoni, na kofia inatoboka. Tulipofungua jioni ile, tulikuta tundu ambalo sasa liko mezani kwangu.

Yaya aliitazama pistoni muda mrefu. Hakuniuliza mimi. Alisema, "Ni esansi. Ule kadhafi alichanganya na petroli ya taa." Shaka hiyo si ya kijinga, kuchanganya kunatokea, na petroli iliyochanganywa kweli inaifanya injini igonge. Kesho yake tulikwenda, yeye, mimi na vijana. Yaya aliweka bidoni mbele ya yule baba, akadai pesa yake, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Yule baba aliapa kwa watoto wake. Watu walisimama. Madereva wa taksi-moto waliokuwa kwenye foleni walitazamana, na wawili wakaondoka bila kununua. Mimi nilikuwa nimebeba laptopu mgongoni.

Programu ile inaandika kila kitu. Kila sekunde ya injini kuwaka inabaki humo: mwendo, joto, uwiano unaotakiwa, uwiano uliopatikana. Usiku ule nilifungua rekodi. Niliona mstari wa uwiano unaotakiwa ukiruka kutoka 13.0 mpaka 14.5 kwa pigo moja, na mstari wa joto ukianza kupanda baada yake. Petroli ya yule baba haikuwa na hatia yoyote ya kuonekana. Aliyemnyima motere chakula ni mimi.

Nikafunga laptopu. Nilinyamaza wiki 3.

Katika garaje nzima mimi peke yangu niliweza kuusoma ushahidi ule. Kwa miaka mingi nimesikia, na mimi mwenyewe nimesema, kwamba kujua lugha za kigeni ni kuwafungulia wengine mlango. Sikuwahi kufikiri kwamba anayefungua ndiye pia anayeweza kufunga, na kwamba waliobaki nje hawatajua hata kama kulikuwa na mlango. Yaya hakuweza kunishuku, kwa sababu alichokuwa angekishuku kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wake wa Kiingereza alikuwa mimi. Katika wiki hizo nilipita mara nyingi mbele ya yule kadhafi. Chupa zake zilikuwa zimejaa mchana kutwa.

Kilichonitoa katika ukimya hakikuwa ushujaa, bali kazi ya somo. Siku ya kuikabidhi ilikaribia, na kila neno lilihitaji mfano wa matumizi. Kwenye "ongeza" nikaandika mfano uliokuwa ukinilia kichwani: *iongeze*. Kisha, kwa mazoea ya darasani, nikauchambua. Mzizi, -ongez-. Kiishio, -e. Kiambishi cha shamirisho, -i-. Na -i- hii inarejelea nini?

Inaweza kurejelea esansi. Inaweza kurejelea namba. Yote ni maneno ya kukopa, na maneno ya kukopa ya vitu yanaingia kwa wingi katika ngeli ya I-ZI, yanakaa humo pamoja kama abiria wa basi la Kenya saa 12 jioni. Yaya aliposema *iongeze*, alikuwa anasema esansi. Mimi niliyeangalia kioo nilisikia namba. Sarufi ilituruhusu sote wawili. Kama angetumia neno mafuta, angesema *yaongeze*, na sikio langu lingeshtuka, maana namba si ya ngeli ya YA.

Na kama angesema "mupe", kama alivyokuwa akisema siku zote kabla sijafika? Hapo nilisimama. Katika Kiswahili cha mji wetu, upatanisho wa vitu visivyo na uhai mara nyingi unaishia kwenye i-. Kumweka motere kwenye mu- kuna kazi maalumu: kunamfanya yeye awe anayepewa. Kitenzi "kupa" kinamtaka mpokeaji, na mafundi wamemtaja mpokeaji kuwa injini. Kinachotolewa hakihitaji kutajwa, kwa sababu injini inapewa kitu kimoja tu katika mazungumzo hayo. Hakuna mtu duniani anayeweza "kumpa" motere namba 14.5. Yaya angepiga ukelele "Mupe!", ningetazama kioo na kujiuliza, nimpe kwa wapi? Na swali hilo lingenitosha. Jioni ya kwanza, mbele ya moshi mweusi, walikuwa na istilahi isiyoruhusu kosa langu. Mimi nilikuja na daftari, nikaifuta, nikawapa nyingine yenye mwanya, kisha nikaanguka ndani ya mwanya huo na gari lao.

Nilikwenda Katuba jioni ileile. Yaya alikuwa anakunywa chai mbele ya garaje. Nilimfungulia laptopu, nikamwonyesha mstari unaoruka, nikamweleza jedwali 2, nikasema ni mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza swali moja.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu ule usiku, yaya."

Akaweka kikombe chini. "Pistoni tutapata ingine," alisema. "Ule mutu, jina yake tulichafua."

Hakupandisha sauti. Ningependa angeipandisha.

Asubuhi tulikwenda wote, na yaya alichagua saa ile yenye foleni. Alimwomba yule baba msamaha kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, kama ya kwanza, na akamrudishia pesa ya lita 20. Kisha akanisukuma mbele nieleze mwenyewe. Nilieleza vibaya, nikitafuta maneno. Yule baba alihesabu pesa, akaitia mfukoni, kisha akaniuliza: "Ile mashini yenu inaandikaka yote?"

Nikasema ndiyo, inaandika yote.

"Miye sina yenye kuniandikia," alisema, na akamgeukia mteja.

Injini ilichukua miezi 8 kurudi. Kuta za silinda za GSX-R600 zimepakwa tabaka gumu kiwandani, na zikikwaruzwa huwezi kuzichonga tu na kuweka pistoni kubwa zaidi kama kwenye injini za zamani. Ilibidi tutafute kipande kizima kilichotumika. Nilichangia kwa kufundisha Kiingereza jioni, nyumba kwa nyumba, kule Bel-Air. Gari limekimbia tena tangu wakati huo, na halijashinda kreti yoyote. Kwenye ukingo wa kioo cha laptopu kuna vipande 2 vya bandeji ya umeme vilivyoandikwa kwa kalamu nyeupe, mkono wa yaya mwenyewe. Cha kwanza: *Hapa namba ikipanda, unamupa.* Cha pili: *Hapa namba ikipanda, unamunyima.* Sijaona mwongozo wa Kiingereza unaolieleza jambo hilo kwa maneno machache kuliko hayo.

Kazi ya somo niliikabidhi ikiwa na maneno 60, lakini mishale mingi niliifuta. "Buji" ilibaki buji. "Mupe" na "munyime" niliziingiza kama istilahi kamili, na maelezo ya matumizi, na onyo kwamba "ongeza" isitumike peke yake mbele ya jedwali lolote. Sisemi kwamba kila neno la garaje ni bora kuliko la kamusi. Yapo maneno mle yanayochanganya watu, na mafundi wenyewe wanalalamika. Ninachosema ni kwamba kabla ya kulibadilisha neno la kazi, tuulize linazuia kosa gani. Neno lililoishi miaka mingi kati ya kelele na moto huenda limebaki kwa sababu wenzake waliokuwa na mwanya waliteketeza vitu.

Mwalimu alipoirudisha kazi, pembeni mwa "mupe" alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Kwa nini shamirisho liwe injini na si mafuta?* Sikuwa na nafasi ya kumjibu darasani siku ile. Nilibeba pistoni nikaenda nayo ofisini kwake, nikaiweka juu ya karatasi.